Jumapili ya Mkanda

Bohumila Kubicek aliutoa mkanda msumarini saa mbili asubuhi, kabla hajawasha hata jiko la kuokea nyama, kwa sababu ngozi iliyokaa mwaka mzima ukutani haitaki kuharakishwa. Alichovya kitambaa kwenye mafuta ya nguruwe, akaupaka taratibu kuanzia kwenye chuma mpaka kwenye ncha, kisha akarudia upande wa ndani ambao hakuna mtu anayeuona.

Mkanda ulikuwa wa marehemu mumewe, Vaclav, ambaye kaunti nzima ilimwita Vens. Ulikuwa mpana, wa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, na ulikuwa na matundu manane. Pembeni mwa tundu la tano palikuwa na herufi V iliyokwaruzwa kwa msumari. Pembeni mwa la sita palikuwa na D, ya mtoto wao Darrel. Hakuna Kubicek mwingine aliyewahi kuandikwa pale. Leo, Mungu akijalia, angeandikwa wa tatu, na angekuwa msichana.

Desturi ilianza kwa mama mkwe wake. Katika nchi ile ya mahindi na theluji mieleka ndiyo majira ya baridi yenyewe, na mtoto wa mieleka hukata uzito tangu Novemba mpaka Februari ili apigane na wenzake wa ratili chache. Mashindano ya jimbo yakiisha, Jumapili inayofuata nyumba humfungulia. Mezani huvaa mkanda, hukaza mpaka mwisho, na kila sahani ikiisha hulegeza tundu moja huku watu wakihesabu. Haruhusiwi kuuvua mpaka vyombo vikauke.

Bohumila alikuwa na miaka kumi na minane alipoiona mara ya kwanza, mwaka wa sitini na nane, amekaa jikoni kwa watu kama mgeni, mikono mapajani. Vens aliingia amevaa shati jeupe lililompwaya, mashavu yamebonyea, macho makubwa kama ya ndama. Alikula madonge ya unga kumi na moja. Bohumila aliyahesabu. Kila alipomeza, alimtazama yeye upande wa pili wa meza na kutabasamu, na binti yule akajisemea moyoni kwamba huyu ndiye nitakayempikia.

Akampikia miaka arobaini na mitatu. Hata Vens alipoacha kupigana na kuwa msaidizi wa kocha wa shule, kila baridi alikata uzito pamoja na vijana wake. Alisema hawezi kumwagiza mtoto wa mtu jambo asiloliweza mwenyewe. Jioni alikaa karibu na jiko na gazeti lake na kopo tupu la kahawa, akitafuna ubani na kutema mate koponi, ratili moja ya mate kwa siku mbili. Bohumila aliliosha kopo lile kila alipokwenda kulala, akaligeuza mdomo chini juu ya sinki likauke. Siku hizi akipita duka la vyakula na kuliona kopo la kahawa ya aina ile, husimama kidogo.

Nyama ilipokwisha kuingia kwenye jiko la kuokea, alishuka chumba cha chini ya nyumba kuchukua plamu za kolachi, vile vimikate vitamu vyenye tunda katikati, kwenye friza. Aliivuta friza kidogo kwa sababu mlango ulikuwa unagonga ukuta, ndipo akayaona. Makopo manne ya plastiki ya aiskrimu, yamefunikwa vizuri, yamepangwa nyuma kabisa penye giza.

Ilikuwa mara ya tatu tangu Krismasi. Alifungua moja, akalifunika. Haikuwa harufu ya mate. Alisimama pale na plamu zilizoganda zikimchoma viganja, na kwa muda mfupi, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali, alijua. Kisha akaliweka wazo lile pembeni. Mambo hubadilika, wavulana walikuwa na njia zao na wasichana wana zao. Mjukuu wake Maren, binti wa Darrel, waliyekaa naye nyumba hiyohiyo, alikuwa ameshika nafasi ya nne jimbo zima katika daraja la ratili mia na tano. Nafasi ya nne haipatikani kwa kulala.

Aliyabeba yote manne mpaka kwenye sinki la kufulia, akafungua bomba kwa nguvu, akayasugua kwa maji ya moto na soda, akayafuta, akayapanga palepale nyuma ya friza, midomo chini.

*

Mezani walikuwa watatu. Darrel alikaa kichwani mwa meza, mahali pa baba yake. Maren alikaa mkono wake wa kulia, amevaa sweta la shule lenye mikono mirefu mpaka vidoleni. Upande wa pili alikaa jirani yao mzee Lumir Stodola, aliyepigana mieleka timu moja na Vens na ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kukunjamana kama koliflawa. Mama yake Maren, Connie, alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, atarudi saa kumi. Bohumila hakukaa. Miaka hamsini hakuwahi kukaa Jumapili ile. Alisimama kati ya jiko na meza, kijiko mkononi.

"Kaza, kaza," alisema Darrel. "Tundu la kwanza."

Maren alikaza. Mkanda ukamning'inia kwenye nyonga.

"Hilo ni la kwanza?" Lumir aliinama kutazama. "Huyu mtoto ni ufito."

"Baba, unapwaya," alisema Maren, na akacheka kidogo.

Darrel alikwenda kwenye droo, akarudi na msumari na nyundo. Akatoboa tundu jipya nyuma ya lile la kwanza, juu ya ubao wa Bohumila wa kukatia mkate, akiwa na fahari usoni kana kwamba anapigilia cheti cha ushindi ukutani. "Tundu la Maren," alisema. "Babu yako hakuwahi kufika hapa."

Bohumila aliliona tundu lile lilivyokuwa mbali na mengine. Akapakua.

Nyama ya nguruwe ya kuoka yenye mbegu za karawei, kabichi chachu, madonge yaliyokatwa kwa uzi, mchuzi juu. Maren aliukata mkate wake vipande vidogovidogo, kama alivyofanya siku zote, akavipanga ukingoni mwa sahani. Kisha akasita, akaitazama sahani kwa muda, na akaanza kula. Alikula kama mtu aliyefungua mlango ambao hawezi tena kuufunga. Hakuinua macho.

"Moja," alihesabu Lumir.

"Polepole, mama," alisema Bohumila, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kuongeza mchuzi.

"Mwache," alisema Darrel. "Tangu Novemba anakula majani ya saladi. Mwache mtoto ale kwao."

"Mbili. Vens angekuwa anapumzika sasa hivi. Vens alikuwa anazungumza sana mezani, ndiyo maana akaishia la tano."

"Alikuwa anamtazama mama," alisema Darrel.

"Nani asingemtazama? Mama yako alikuwa na nywele mpaka hapa. Mimi mwenyewe nilitazama, nikapigwa teke chini ya meza."

Wakacheka, na Bohumila akaficha uso kwa kugeukia jiko. Dirisha lilikuwa limejaa mvuke. Harufu ilikuwa ileile, kelele ileile, na kama angefumba macho angeweza kusema kwamba kiti cha kichwani kimekaliwa na mwenyewe. Alipogeuka, Maren alikuwa kwenye sahani ya nne. Jasho lilimsimama juu ya mdomo.

"Nne," alisema Lumir, sasa kwa sauti ya chini kidogo. "Binti, huna deni na mtu."

"Bado kolachi," alisema Maren.

Alikula kolachi sita. Tatu za plamu, tatu za mbegu za popi. Darrel aliulegeza mkanda mwenyewe, akaingiza chuma kwenye tundu la tano, lenye V, na kumbusu binti yake kichwani. "Umemkuta babu."

Maren alisimama. Alishika ukingo wa meza, akasema anakwenda chooni, akatoka akitembea wima kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Bohumila alikusanya sahani, akazitia kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho. Ndivyo alivyoosha vyombo siku zote, maji yakirindima, hata miaka ile kisima kilipokuwa kinakauka na Vens analalamika.

Alikuwa anafuta sahani ya mwisho alipotambua kwamba nusu saa imepita na Maren hajarudi.

*

Alimkuta sakafuni kati ya bafu na choo, amelala ubavu, magoti kifuani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimelowa. Choo kilikuwa safi.

"Bibi, haitoki," alisema. "Nimejaribu, haitoki."

Bohumila alipiga magoti kwa shida. Alimpandisha sweta, na hapo akaona tumbo. Lilikuwa limeinuka kutoka chini ya mbavu mpaka chini ya mkanda, gumu, ngozi inang'aa, na mkanda umezama katikati yake kama waya uliomezwa na gome la mti. Ili kutoa chuma kwenye tundu ilibidi kwanza avute kukaza. Alivuta kidogo, Maren akatoa sauti ambayo Bohumila hakuwahi kuisikia kwa mtu, aliisikia kwa ng'ombe tu, na akaachia.

Darrel alikuja mlangoni na kipande cha kolachi mkononi. "Ndiyo gharama ya madonge hiyo," alianza, kisha akaona. Aliiweka kolachi juu ya sinki la kunawia, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Lumir, aliyekuwa amefuata nyuma, alilitazama tumbo lile na kuvua kofia yake. "Darrel," alisema, "ng'ombe akifura hivi wewe hungoji. Washa gari."

*

Hospitali ya mji ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano. Muuguzi alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Alimpima Maren presha, akasema neno kwa mwenzake, kisha akachukua mkasi wa kukatia nguo.

"Huo usikate," alisema Darrel. "Ni wa baba yangu."

Muuguzi alikuwa amekwisha kuukata. Ilimbidi abane mara tatu. Mkanda ulidondoka vipande viwili, kimoja chenye V na kingine chenye D, na tumbo la Maren likapanda juu zaidi likijaza nafasi liliyoipata.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani, jina lake Dokta Lovan. Aliwaonyesha picha ya eksrei. "Huu ni mgongo," alisema. "Na hiki kivuli chote, kutoka hapa kwenye mbavu mpaka huku kwenye nyonga, ni mfuko wa chakula. Umejaa mpaka umelegea. Hausukumi mbele wala nyuma. Ukiendelea kutanuka damu haitapita kwenye kuta zake, na sehemu isiyopata damu hufa. Tunaingiza mpira puani sasa hivi tupunguze. Lakini nataka mniambie kwanza jambo. Mfuko wa mtu anayekula kila siku hauchoki hivi. Anakulaje huyu?"

"Sisi ni watu wa mieleka, daktari," alisema Darrel. Alisema kwa adabu, kofia mkononi, lakini kwa sauti ya mtu aliyewahi kueleza jambo hili. "Baba yangu alikata uzito, mimi nilikata uzito. Tunajua taratibu. Leo amefungua, amezidisha kidogo. Basi."

"Anajitapisha?"

"Hapana."

"Nakuuliza kwa sababu ya maji nitakayomtundikia," alisema Dokta Lovan. "Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu, na anayejitapisha, chumvi za mwilini mwake zinakuwa zimekwisha. Nikimpa sukari kama ninavyompa mgonjwa mwingine, zilizobaki zitashuka ghafla na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo sikuulizi kwa ubaya."

Darrel alitikisa kichwa. "Ningejua. Naishi naye."

Kitandani Maren aliyafungua macho. Hakumtazama baba yake. Alimtazama Bohumila, akatikisa kichwa kidogo sana, kushoto na kulia, kama walivyokuwa wakipeana ishara zamani Maren alipokuwa mdogo na wameiba biskuti pamoja kabla ya chakula.

Bohumila alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Aliona jikoni kwake, kopo la kahawa mdomo chini juu ya sinki, limekauka, linang'aa. Miaka yote ile lilikuwa kumbukumbu yake tamu kuliko nyingine. Alijua kwamba akifungua mdomo sasa hataweza tena kulitazama kopo lile bila kuliona lilivyokuwa.

"Ndiyo," alisema. "Anajitapisha."

"Mama," alisema Darrel.

"Kwenye makopo ya aiskrimu. Anayaficha nyuma ya friza, chini. Mara tatu nimeyakuta tangu Krismasi, manne manne. Na mkate anaukata vipande hauli, anauweka kwenye mkono wa sweta. Nimeufua mkate kwenye sweta hilo."

"Uliyakuta, ukafanya nini?" aliuliza Darrel.

"Niliyaosha."

Daktari aligeuka akatoa maagizo mlangoni, haraka, majina ya chumvi na vipimo, na neno ambulansi, kwa sababu lazima apelekwe hospitali kubwa penye daktari wa upasuaji. Darrel alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Uliyaosha," alisema.

Maren aligeuza uso ukutani. Muuguzi mwenye ndevu nyekundu akaja na mpira, akamwambia ameze, ameze, ameze tena, na baada ya muda chombo cha chini ya kitanda kikaanza kujaa: madonge, popi, mchuzi, kila alichopika. Bohumila alikitambua chote.

*

Mfuko haukufa. Siku ya tano, kwenye hospitali kubwa, daktari wa upasuaji alisema hakuna haja ya kisu. Lakini alisema pia kwamba mfuko ule utakuwa mvivu kwa miezi, labda zaidi. Vijiko vichache vitamshibisha kama ng'ombe mzima, utumbo utamuuma, na mgonjwa kama huyu hasa anahitaji kituo maalumu ambako watu wanasimamiwa mlo kwa mlo. Connie akapiga simu kampuni ya bima akiwa kwenye korido, simu ameiweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti nzuri. Aliuliza urefu, akauliza uzito wa asubuhi ile.

"Ratili mia moja na tisa," alisema Connie.

Vidole vilisikika vikigonga vitufe. "Kwa urefu huo hajafikia kiwango cha kulazwa kituoni."

"Hajafikia vipi?"

"Hajashuka vya kutosha, mama. Anaweza kutibiwa akitokea nyumbani. Akishuka chini ya kiwango, mpige simu tena."

"Yaani nimngoje akonde."

"Sijasema hivyo, mama. Nasema mpige tena."

Connie alikata simu, akakaa juu ya kiti cha plastiki na viatu vyake vya kazini. Darrel alikuwa amesimama dirishani. Mabega yalimtikisika, na Bohumila alifikiri analia, kumbe anacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Maisha yangu yote," alisema, "sijawahi kuona Kubicek akikataliwa kwenye mizani. Baba alikesha anakimbia amevaa koti la mvua asikataliwe. Sasa huyu ndiye wa kwanza. Amezidi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza mbele ya mama yake tangu Jumapili. Bohumila alitoa leso mkobani akampa Connie. Darrel akageuka.

"Baba naye alikuwa anatapika?"

"Tutazungumza nyumbani," alisema Bohumila.

"Kwa sababu mimi nilikuwa natapika," alisema Darrel. "Mwaka wangu wa mwisho. Kwenye ndoo ya ndama, bandani. Nilifikiri ni mimi peke yangu."

*

Kwa kuwa kituo kilishindikana, jikoni ndiko kukawa kituo. Connie alirudi zamu zake na Darrel shamba lilikuwa linamngoja, kwa hiyo kazi ikamwangukia Bohumila. Karatasi ya masharti kutoka kwa mtaalamu wa lishe ilibandikwa kwenye friji. Milo sita midogo. Mtu asiseme ongeza, asiseme umependeza, asiseme umerudisha mwili. Baada ya kula, dakika arobaini na tano hakuna kuondoka mezani wala kwenda chooni. Na sharti la mwisho Bohumila alilisoma mara mbili, kidole kikifuata herufi: anayesimamia akae, ale naye chakula kilekile.

Hakujua kukaa. Wiki ya kwanza aliinuka kila dakika, mara chumvi, mara kijiko, mara kufuta mahali palipokuwa safi. Na hakujua la kusema. Aligundua kwamba maneno yake yote ya mezani, miaka hamsini, yalikuwa ongeza, kula, hujala, chukua hiki. Akinyang'anywa hayo anabaki bubu. Maren naye hakumsaidia. Alimjibu ndiyo na hapana. Alikula nusu kikombe cha supu kwa dakika thelathini, akishika tumbo linapomuuma, akitazama nje theluji inavyoyeyuka kwenye mashina ya mahindi ya mwaka jana. Saa ya kupimia mayai yanayochemka, ile yenye umbo la kuku, ilitikatika katikati ya meza. Ikilia, Maren aliinuka.

Kwa kukosa la kusema, Bohumila akaanza kusimulia. Alisimulia jinsi mama mkwe wake alivyokuwa anakata madonge kwa uzi wa kushonea kwa sababu kisu huyabana. Alisimulia ngoma za Jumamosi kwenye ukumbi wa Wacheki, akodioni mbili, na Vens anayecheza kwa kunyata kama anamvizia mpinzani. Alisimulia Jumapili ya kwanza, shati linalompwaya, madonge kumi na moja, tundu la tano. Hadithi hiyo aliisimulia vizuri kuliko zote, maana alikuwa ameisimulia mara nyingi kuliko zote, na kila mara iliishia palepale, Vens akikwaruza V kwa msumari na watu wakipiga meza.

Siku moja ya Aprili, kwenye mlo wa saa kumi, walikuwa na nusu kolachi kila mmoja na kikombe cha maziwa. Zilikuwa kolachi za kwanza tangu Februari. Mtaalamu alisema wakati umefika. Maren aliimaliza yake. Ilimchukua muda wote. Bohumila aliizungusha saa ya kuku, akaanza habari ya akodioni.

"Ulikuwa unayaosha," alisema Maren.

Bohumila aliirudisha saa katikati ya meza.

"Mara ya kwanza nilipokuta yameoshwa nilingoja umwambie mama. Hukumwambia. Mara ya pili nikakuta umeyapanga, midomo chini, kavu kabisa." Sauti yake haikupanda. "Nilifikiri unanisaidia, Bibi. Nilifikiri umekubali."

Kuku alitikatika. Nje Darrel alikuwa anafunga geti la ndama kwa kipande kimoja cha mkanda, akikizungusha mara mbili kwenye nguzo.

"Kisa cha babu yako," alisema Bohumila, "sikukimaliza."

"Nakijua. Tundu la tano."

"La tano, ndiyo. Watu wakapiga meza. Halafu akasema anakwenda kuwaangalia mitamba. Usiku wa baridi vile, mitamba walikwisha angaliwa. Akavaa koti akatoka. Mama yake akaenda kwenye sinki akafungua bomba, maji mengi, yanarindima, na sahani zote zilikuwa bado mezani. Nikajiuliza anaosha nini. Mwaka wa tatu nimekwisha olewa, mama mkwe anaumwa miguu, Vens akasema anakwenda kuwaangalia mitamba, na mimi nikaenda nikafungua bomba. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeona tu." Aliipapasa sahani yake. "Baba yako alikuwa mdogo, sikutaka asikie. Kisha ikawa mazoea. Babu yako hakuweza kula chakula cha jioni miaka yake kumi ya mwisho. Alisema ni kiungulia. Alilala ameketi kitini. Koo lilikuwa limekwisha. Mimi nikaendelea kukumbuka shati jeupe."

Maren alikuwa anamtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

"Kwa hiyo sikukubali," alisema Bohumila. "Na sikukataa. Nilifungua bomba. Nilijua, halafu nikafungua bomba."

Walikaa. Saa ikazunguka mpaka zikabaki dakika kumi na mbili. Maren alishika tumbo likapita, akaachia. Aliokota punje za popi kwenye kitambaa cha meza moja moja kwa ncha ya kidole, akaziweka kwenye ukingo wa sahani, na baadaye akazila.

Kuku akalia.

Mwili wa Bohumila uliinuka wenyewe, kama ulivyoinuka miaka hamsini. Alikwisha kuzishika sahani mbili, alikwisha kufika kwenye sinki na mkono uko juu ya bomba, Maren aliposema bila kuondoka kitini kwake:

"Acha vyombo, Bibi. Alikuwa anachezaje? Kwa kunyata?"

Bohumila alizirudisha sahani mezani, chafu zilivyo, akakaa.

"Kwa kunyata," alisema, akitembeza vidole viwili polepole juu ya kitambaa cha meza. "Kama hivi."